Somo la Maneno ya Kufukuza

Mwalimu kijana aliyechukua darasa langu alinipigia simu muda mfupi baada ya mimi kustaafu. Alitaka kujua ni kitabu gani nilichotumia kuwafundisha watu wazima maneno ya Kiingereza yenye maana zinazokaribiana na yale yenye maana zinazopingana. Alikuwa amegundua kwamba wanafunzi aliowarithi wanayajua maneno ya kufukuza kuliko maneno mengine yote, akadhani kuna sura maalumu mahali fulani. Nikamwambia sikuwa na kitabu. Nilikuwa na mbuzi, tena hakuwa wangu.

Alicheka, kisha akaniomba niandike. Basi naandika, kwa ajili yake na kwa wengine wote mnaofundisha ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, katika miji ambayo jua lake halina subira. Vyeo na mishahara nimeviacha nje. Kila mtu serikalini anajua jinsi vinavyokuja, na jinsi visivyokuja.

Nilishuka Isiolo kutoka Meru nikiwa nimevaa sweta. Safari si ndefu, lakini kila kona ya mteremko inakuvua kitu. Kufika mjini sweta ilikuwa mkononi, na haikurudi mwilini hadi likizo. Darasa nililopewa lilikuwa chumba cha shule ya chekechea, ambacho tulikitumia mchana watoto wakishaenda nyumbani. Viti vilikuwa vya watoto. Watu wenye wajukuu waliketi magoti yakikaribia kidevu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Siku ya kwanza walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, nikajisifu kimoyomoyo. Kumbe walidhani naandikisha watu wa chakula cha msaada. Walipoona chaki, nusu yao waliaga kwa adabu na kuondoka.

Waliobaki niliwafundisha vibaya. Nilikuwa nimezoea watoto, ambao ukiwaambia warudie neno wanarudia hata kama hawajui ni mnyama au ni mboga. Mtu mzima anataka kwanza kujua neno hilo atalifanyia kazi gani. Aliyenionyesha hayo ni Bi. Rukia, Msomali mzaliwa wa hapo mjini, aliyekuwa amefundisha ngumbaru kabla mimi sijajua kusoma. Alikuwa akiingia bila hodi, anaketi nyuma, anasikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo, na mwisho wa somo anatoa hukumu.

“Leo umewafundisha neno ‘snow’,” aliniambia mara moja. “Wallahi, wakiliona hilo Isiolo, wote tutakuwa tumekufa.”

Mengi ninayoyajua ni yake. Alinifundisha kuandika kwa herufi kubwa, kwa sababu mtu mzima haoni haya kusema hajui, lakini anaona haya kusema haoni. Kabla ya kuamua kwamba mwanafunzi ni mzito, mletee miwani. Alinifundisha kutotumia kalamu nyekundu. Na alinikataza kumjibia mwanafunzi. “Ukimjibia,” alisema, “umemwambia mdomo wake ni wa kula tu. Nyamaza. Hata kama unakufa, nyamaza, ngoja atoe neno.” Hilo la kunyamaza ndilo lililonitesa zaidi, kwani mimi ni mtu wa maneno.

Vifaa vyetu tulivitengeneza wenyewe. Chati za ukutani nilizichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikazibandika kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa na maji. Mnaoanza kazi, sikieni: gundi hiyo tieni mwarobaini kidogo, iwe chungu. Mimi sikuwa nimetia, na hapo ndipo mbuzi anapoingia.

Wakati huo darasa lilikuwa na watu watatu ambao sikosi kuwakumbuka. Ekai alikuwa Mturkana, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu mrefu aliyeweka rungu lake chini ya kile kiti kidogo kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto. Kinoti alikuwa Mmeru mwenzangu, muuza miraa, ambaye hakuwahi kumaliza somo bila kutoka nje kupokea simu. Na Dahabo alikuwa Mborana, muuza maziwa ya ngamia. Maziwa yake yalitoka Kulamawe kwa gari kila siku kabla jua halijakuwa kali. Aliyapokea na wanawake wenzake kwenye baraza ya duka moja lililofungwa, karibu na soko, wakayauza rejareja, na yaliyobaki wakayapakia kwenye basi la Nairobi. Alikuwa na sauti ya chini na macho yanayohesabu.

Siku ya mbuzi nilikuwa nimewapa mgongo, naandika ubaoni. Nikasikia karatasi ikichanika. Kugeuka, mbuzi mweupe amesimama katikati ya darasa, ameshika chati ya nyakati za vitenzi, anakula wakati uliopita.

Darasa zima liliinuka. Kinoti alimrushia kiatu, kikamkosa, kikampata jirani. Ekai hakulitoa hata rungu lake. Aliinua mkono tu, akasimama kati ya mbuzi na ukuta, kimya. Mama mmoja alipiga makofi na kupiga kelele kama anayewinga ndege shambani. Dahabo alizunguka akaenda nyuma ya mbuzi, akagonga ulimi mara moja, akaanza kutembea polepole, na mbuzi akatembea mbele yake hadi nje kana kwamba ni yeye aliyeamua. Dahabo hakuishia mlangoni. Alimfuata mpaka akavuka barabara.

“Si ungemwacha tu huko nje?” Kinoti akamuuliza aliporudi.

“Akigongwa na gari, wewe utalipa? Ama hiyo kiatu yako italipa?”

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa bado na chaki mkononi, na nikaona kile ambacho Bi. Rukia alikuwa akinisukumia muda wote ule. Watu hawa walikuwa wamemwondoa mnyama mmoja kwa njia nne, na kila mmoja alijua kwa nini njia yake haikuwa ya mwenzake. Mimi ningewaambia zote ni ‘chase’.

Nikafuta ubao. Nikachora mbuzi, vibaya, nikawaambia kila mtu atapewa neno la kile alichofanya.

Kinoti alipewa ‘chase’, kwa sababu neno hilo lina miguu: anayefukuzwa anakimbia, na anayefukuza pia. Mama wa makofi alipewa ‘scare off’, kutisha kwa kelele bila kugusa. Dahabo alipewa ‘drive away’, kuswaga, kwenda nyuma ya kitu huku unajua njia. Ekai alipewa ‘repel’, kuzuia kinachotaka kuingia kisipite. Aliposikia kwamba dawa ya kujipaka ya mbu nayo hufanya ‘repel’, alifikiri kwa muda, akasema, “Mimi ni dawa ya mwizi.” Ekai alikuwa amekaa darasani miezi mingi bila kusema chochote kwa hiari. Darasa lilipiga makofi. Mimi nilijifanya natafuta chaki.

Kuanzia hapo somo hilo lilikua lenyewe. Kila wiki mtu alileta tukio la kufukuzwa, nasi tukalitafutia neno. Mtoto aliyetolewa shuleni alikuwa wa ‘expel’. Mfanyakazi aliyeambiwa asirudi kesho alikuwa wa ‘dismiss’. Mtu ambaye wazee wamemkatia undugu akaenda kuishi mbali alikuwa wa ‘banish’, na hapo tukagundua kila kabila lilikuwa na wake. Hofu na mashaka tulivipa ‘dispel’, na mama mmoja akasema kumbe hata moyo una mbuzi wake. Mpangaji anayetolewa nyumbani alikuwa wa ‘evict’. Nilimchora amekaa juu ya godoro, nje, mvua inanyesha. Kando yake nikaandika ‘relocate’, nikachora mtu mwingine na godoro hilohilo, lakini mbele yake kuna nyumba nyingine. Dahabo alinyanyuka kwenda kuziangalia picha hizo mbili kwa karibu.

“Wote wametolewa?”

“Wote wametolewa.”

“Lakini huyu ameonyeshwa pahali.”

“Ndiyo.”

Aliandika yote mawili.

Halafu tulipindua ubao, tukaandika yanayopinga. ‘Attract’ Kinoti aliidaka kabla sijamaliza kuieleza, akasema ndiyo biashara yote. ‘Admit’, kumruhusu mtu aingie, ilimfaa Ekai langoni. Kulikuwa na ‘invite’, na ‘let in’, na ‘welcome’. Nikawapa zoezi: kila mtu aandike sentensi ya kumkaribisha mgeni, na ya pili ya kumwambia mgeni aondoke. Karatasi ya Dahabo ilirudi na sentensi moja. Nilimuuliza ile ya pili iko wapi.

“Hiyo kwetu haiko, mwalimu.”

“Hata mgeni akikukosea?”

“Akiwa kwangu, hawezi kunikosea. Mimi ndiye ninaweza kumkosea. Mgeni amekaa, amekunywa maziwa yangu, nitamgombezaje? Nitangoja atoke.”

Nilimpa alama kamili. Sikujua kwamba sentensi aliyokataa kuiandika ingemweka kwenye matatizo.

Mwaka ule ilikuja habari kwamba mtaro wa maji ya mvua utachimbwa kando ya soko, na kwamba baraza ya wauza maziwa iko juu ya njia ya mtaro. Afisa angekuja kusikiliza mtu yeyote mwenye pingamizi. Pingamizi zisipokuwepo, wanawake wangeondoka wiki ifuatayo. Kulikuwa na mpango wa banda jipya upande wa pili wa soko, lakini banda lenyewe lilikuwa nguzo tu zilizosimama.

Msiofanya biashara ya maziwa huenda mkaona hilo ni jambo dogo. Maziwa ya ngamia yanafika na joto la barabara. Gari la Kulamawe linajua mahali pamoja tu pa kusimama. Lisipowakuta wanawake, linashusha jerikeni juani, na kabla ya adhuhuri maziwa yameharibika. Mfugaji wa Kulamawe akipoteza maziwa ya siku kadhaa, anatafuta mnunuzi mwingine, naye harudi. Dahabo alikuwa mjane, na baraza ile ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha binti zake wawili.

Wanawake wakamchagua aseme. Akaja darasani, akaniambia anataka kusema kwa Kiingereza.

“Afisa anajua Kiswahili,” nikamwambia.

“Anajua. Lakini kalamu yake haijui. Wa mwisho alikuja, tukasema kwa Kiswahili, akaandika kwa Kizungu, na vile tulisomewa baadaye si vile tulisema. Huyu nitamsemea kwa lugha ya kalamu.”

Tukafanya mazoezi. Ekai alikuwa afisa, na alikuwa afisa mkali mno. Alikataa kila kitu. Kinoti alitaka aanze na ‘evict’ kwa sauti ya juu. “Mwambie anakuevict! Hiyo neno ina meno!” Dahabo alirudia hotuba yake hadi mimi mwenyewe nikaikariri. Ilikuwa fupi na nzuri.

Siku yenyewe nilikwenda kununua maziwa, au ndivyo nilivyojiambia. Afisa alitangulia kufika, kabla gari halijaja, wanawake wakiwa na maziwa kidogo tu ya jana waliyoyaweka kivulini. Alikuwa kijana wa Kimeru anayeitwa Mutuma, shati lake limelowa mgongoni, faili kwapani. Alikuwa ametembea soko zima kwa mguu. Alipoona kivuli cha baraza akapanda moja kwa moja.

“Habari zenu, akina mama?”

“Nzuri. Karibu.”

Nilimwona Dahabo akifanya hivyo, na nina hakika mkono wake ulitangulia akili yake. Alivuta kigoda. Akapangusa kikombe. Akamimina maziwa. Mutuma akaketi, akanywa, akasema ni mazuri. Mama Qabale, mkubwa wao, akashusha macho.

Mutuma akafungua faili. “Haya. Mnajua mambo ya mtaro. Kuna mtu ako na pingamizi?”

“Kunywa kwanza,” Dahabo alisema.

“Nimekunywa, asante. Kuna mtu ako na pingamizi?”

“Wacha nikuongezee.”

Akaongezewa. Akanywa. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ukamtabasamulia. Akanigeukia mimi, kwa kuwa aliijua lafudhi ya nyumbani niliponunua maziwa, akaniamkia, “Muga, mwalimu,” kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mbona hawasemi? Niliambiwa watanitoa macho.”

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ningeweza kumwambia kwa Kimeru, kwa sentensi moja: shuka hapo, umekaa kwenye kiti cha mgeni, hawawezi kukupinga ukiwa hapo. Nilimtazama Dahabo. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Alikuwa akiipitia hotuba ile ndani kwa ndani, na haitoki. Nikamsikia Bi. Rukia akichambua mchele nyuma ya kichwa changu.

“Ngoja,” nikamwambia Mutuma. Hilo tu.

Alingoja. Naomba mjue kwamba alingoja vizuri, kuliko wengi. Halafu akatazama saa, akaandika mstari mmoja, akafunika kalamu. “Basi niandike hakuna pingamizi. Asanteni kwa maziwa.”

Mama Qabale akamwambia Dahabo jambo kwa Kiborana. Sikulielewa lote, lakini nilielewa maneno mawili, la kukaa na la mgeni. Dahabo akainuka, akafunga mtandio wake vizuri. Akashuka kwenye baraza. Akavuka jiwe la ukingo, akaenda kusimama barabarani, kwenye jua, katikati ya bodaboda zilizoegeshwa.

“Bwana afisa,” aliita. “Kuja hapa.”

“Si tuongee hapa kwa kivuli, mama?”

“Hapo siwezi. Hapo wewe ni mgeni yangu, na mgeni hagombezwi. Kuja hapa, tuwe watu wa barabara.”

Vijana wa bodaboda wakageuka kwenye viti vyao. “Eeh! Mathe anaita serikali nje!” Mmoja akapiga mluzi. “Waryaa, afisa, enda! Usiogope, si ati atakuuma!”

Mutuma alinitazama. Nikatazama kikombe changu. Akaweka cha kwake chini, akachukua faili, akashuka kwenye jua.

Dahabo alisema kwa Kiingereza, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili. Hakusema hotuba tuliyoifanyia mazoezi. Alisema: “Umenifanyia haki kushuka. Sasa sikiliza. Maziwa yanafika hapa kila siku. Dereva anajua hapa tu. Ukitutoa hapa kabla banda halina paa, unamwaga maziwa yetu wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Anza mtaro upande wa mafundi cherehani. Wao wana milango, wanaweza kufunga wakangoja. Maziwa hayangoji.”

Sauti yake haikuwa ya chini tena. Mutuma alijibu, naye hakuwa mjinga. Alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba upande wa mafundi uko juu na huku ni chini, na maji hayapandi. “Mvua ikija kabla mtaro kufika hapa, itawapata nyinyi kwanza. Mvua ya mwisho si iliingia na taka mpaka kwa mikebe yenu? Nikianza juu, nyinyi ndio mtaumia, mama. Halafu mtasema ni mimi.”

Dahabo aligeuka akaitazama baraza. “Ni kweli,” alisema. “Iliingia.”

“Sasa?”

“Tutaumia. Ya mvua ni siku moja. Ya kukosa pahali ni kila siku.”

Mutuma alifungua kalamu, akaandika akiwa ameegemeza faili kwenye kiti cha pikipiki. Dahabo akasogea. “Soma.”

Akasoma. Aliandika kwamba wanawake wamekubali kuondoka, kwa neno ‘vacate’, baada ya kazi upande wa juu. Dahabo akanitazama mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hilo sikuwa nimewafundisha. Nikasema, kwa kuwa sasa aliniuliza kwa macho, “Ni kuacha mahali wazi.”

“Halafu niende wapi?” Akamgeukia Mutuma. “Hiyo hapana. Andika ‘relocate’. Na uandike ni wapi. Na uandike paa.”

Mutuma alikata, akaandika upya, akasoma kwa sauti: watahamishiwa kwenye banda la upande wa pili wa soko, likishaezekwa. Dahabo alisikiliza kila neno, kama anayesikiliza jerikeni kujua imejaa kiasi gani. Kisha akasema sawa, akaona gari la Kulamawe likikata kona, akaenda kupokea maziwa.

Kinoti alipoisikia habari hiyo darasani alihuzunika. “Hukutumia ‘evict’ hata mara moja?”

“Ilikataa kutoka,” Dahabo akamjibu. “Alikuwa ameshuka nilipomwita.”

Mtaro ukaanzia juu. Ningependa kuandika kwamba banda liliezekwa upesi na mvua ikachelewa, lakini mambo yalikwenda kinyume. Mabati yalikuja kidogo kidogo. Mvua ilikuja yote kwa mara moja, asubuhi moja tu, kutoka milima ambayo mimi nilizaliwa juu yake. Ilishuka kwa njia ya soko na kila kitu ambacho soko lilikuwa limekitupa. Nilifika nimepandisha sketi, viatu mkononi. Baraza ilikuwa imefunikwa na maji ya kahawia, na mikebe miwili ilikuwa imelala, maziwa yake yakitoka kama moshi ndani ya maji. Wanawake walikuwa barabarani, maji magotini, wameinua kilichobaki vichwani.

Mutuma alikuja kutoka upande wa mtaro, amevaa gambuti, bila faili. Alisimama. Kila mtu alijua alichosema siku ile, na kwamba alisema kweli.

Dahabo alimwona. Alikuwa ameshika mpini wa mkebe mkubwa, ule ambao mtu mmoja haubebi.

“Leo hakuna baraza,” alimwambia. “Sote tuko barabarani. Ukitaka kutugombeza, gombeza tu.”

Mutuma alitazama ng’ambo ya soko. Banda lilikuwa na mabati upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa mbingu. Akaingia kwenye maji, akashika mpini wa pili.

“Inua kwako, mama,” alisema. “Nusu ya paa inatosha leo.”